Maneno Niliyompa Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Muuguzi wa kliniki amenipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Ninunue daftari, na kila siku niandike hali ya Mama: amekula nini, amelala vipi, amesahau nini. Pia nimzungumzishe, na nimsomee chochote anachopenda. "Andika ukweli tu, dada, usitie chumvi," akasema. Sijui nani alimnong'oneza kwamba chumvi ndiyo inayonilisha.

Haya basi. Mama amekula vizuri. Amelala vizuri. Ametafuta mkasi nusu saa nzima, kumbe unaning'inia shingoni mwake kwenye utepe kama siku zote. Tumecheka wote wawili. Mawingu yametanda lakini mvua bado.

Jumatano, 6 Machi

Nieleze kazi yangu, ili muuguzi akilisoma daftari hili asije akadhani nashinda nikichezea simu.

Tuna vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha mbele kina dirisha la barabarani, na chini ya dirisha ipo cherehani ya Mama, ya kukanyaga kwa miguu. Ameshona sare za shule hapo kwa miaka thelathini na kitu. Siku hizi anapokea zipu na kupunguza suruali tu. Katikati ipo meza ya kukatia. Upande mmoja ni wa Mama, wa pili ni wangu na kompyuta yangu, na mpaka wetu ni mkebe wa vifungo. Tangu gazeti nililokuwa nafanyia kazi lifungwe, naandika makala kwa tovuti moja inayolipa kwa idadi ya wasomaji. Mhariri wangu sijawahi kumwona sura. Namjua kwa sauti tu, sauti ya kijana aliyeshiba, na ananiita "dada yangu" hata siku anayonipa habari mbaya.

Sheria zake ni chache. Kichwa cha makala kiwe na namba, na iwe saba au tisa. Nane haisomwi, wala hakuna anayejua kwa nini. Sentensi ya kwanza iwe na mtu, siyo wazo. Na kila makala iwe na vichwa viwili. Kwa saa moja, nusu ya wasomaji wanaonyeshwa kichwa hiki na nusu kile, na kinachobofywa zaidi ndicho kinachobaki. Mwandishi hana la kusema hapo.

Leo nimeandika "Mambo Saba Niliyofundishwa na Mama Akiwa Kwenye Cherehani." Haikunipa tabu, maana mambo hayo nimeyasikia tangu utotoni. Kwamba usishike mkasi ukiwa umekasirika, nenda kafue kwanza. Kwamba nguo ya mtoto iachiwe upindo mpana kwa sababu mtoto hakuombi ruhusa ya kukua. Kwamba mtu akilia mbele yako usimuulize kwa nini, mpe kitu cha kushika. Mhariri akadai kichwa cha pili. Nikaandika cha haraka haraka, ilimradi kiwepo: "Mambo Saba Aliyoniambia Bibi Kabla ya Kufumba Macho." Bibi hakuniambia hata jambo moja, achilia mbali saba.

Baada ya saa moja Bibi alikuwa amemwacha Mama mbali sana. Ikabidi nirudi ndani ya makala, nifute "mama" kila mahali, niweke "bibi". Kazi ya dakika tatu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemsomea Mama makala ya jana. Ilipofika habari ya upindo, akaacha kukanyaga.

"Yule mama alisema hayo lini?"

Yule mama ni mama yake baba yangu. Amefariki miaka kumi na miwili sasa, na Mama hajawahi kumwita mama mkwe wala nani. Ni yule mama tu.

"Ni biashara, Mama. Watu wanapenda bibi kuliko mama."

"Hayo ni maneno yangu."

"Najua."

"La mtoto kukua nilikwambia wewe, siku ulipolia gauni limekubana kwapani."

"Najua, Mama. Nirudishe?"

Akafikiri, kisha akacheka kile kicheko chake cha puani. "Wacha. Alichukua mengi yule, na hayo achukue. Watakulipa?"

"Zitatosha dawa zako za mwezi."

"Haya, mpe maneno. Ila cherehani yangu usimpe."

Nikaapa kwa kidole juu, kama tulivyokuwa tukiapa nikiwa mdogo, naye akaendelea na zipu yake.

Muuguzi hawezi kujua uzito wa hilo, kwa hiyo naeleza. Mama aliinunua cherehani hii kwa kufua nguo za watu miaka miwili, mimi nikiwa tumboni na kisha mgongoni. Walikuwa wanaishi kwa yule mama, na baba alikuwa mbali kikazi. Siku ilipoletwa, yule mama alisema mke wa mwanawe hataigeuza nyumba yake kibanda cha fundi, akaamuru itolewe uani. Mvua ilinyesha siku tatu. Mama aliifunika kwa shuka langu la kitoto, halikutosha. Bamba la chuma likaota kutu, doa la ukubwa wa kiganja. Kila Jumamosi Mama hulisugua kwa mafuta, na kila Jumamosi halitoki.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza. Ndoo moja jikoni, beseni moja karibu na kitanda changu. Mama amekula nusu.

Jumanne, 19 Machi

Bibi amekuwa mtu maarufu. Sasa ana safu yake, kila Jumanne na Ijumaa. Wanamwandikia kana kwamba yu hai: bibi yetu, bibi wa wote, Mungu akuweke mahali pema. Mwanamke mmoja ameandika kwamba alikuwa amemshikia mumewe mkasi, akakumbuka maneno ya Bibi, akaenda kufua. Nilicheka mpaka chozi likanitoka, halafu nikashindwa kuacha kulia.

Mhariri kanitumia ujumbe wa sauti: "Dada yangu, huyo bibi ni dhahabu. Mchimbe taratibu, asiishe."

Namchimba. Asubuhi namuuliza Mama hiki na kile, kuhusu wateja wabishi, kuhusu watoto, kuhusu kufiwa, naye anajibu huku anatunga uzi, wala hajui anasema nini. Mimi ng'ambo ya mkebe wa vifungo naandika. Jioni namsomea, kama kliniki walivyoagiza. Leo hakusema "hayo ni yangu". Alitikisa kichwa akasema, "Kweli kabisa."

Jumatano, 27 Machi

Amesahau jina la baba. Nimemtajia. Akasema, "Eh, huyo," kama mtu aliyeonyeshwa mpita njia.

Jumanne, 2 Aprili

Amekula vizuri. Amevaa sweta mbili. Saa kumi jioni akavuta kiti chake karibu na changu akasema, "Haya, Bibi kasemaje leo?"

Nilidhani ananitania. Nikamsubiri acheke. Hakucheka.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua. Hakuna mteja.

Jumanne, 9 Aprili

Kliniki wamebadilisha dawa. Hizi mpya zina bei ya kukausha mate, na wasomaji wamepungua. "Bibi amezoeleka, dada yangu," Mhariri akasema. "Nasaha zimewatosha. Sasa nipe kitu cha kuwaliza. Nipe Bibi alivyojinyima kwa ajili ya mtu." Nikamwambia nitafikiria. "Fikiria upesi, Ijumaa siyo mbali."

Mama alikuwa amejilaza chumbani. Nilikaa mezani nikitazama huku na huku. Dirisha, mvua, kalenda ya duka la vitambaa, cherehani. Nikaondoa macho. Nikayarudisha.

Niliandika kwa saa moja bila kuinua kichwa, na nisiposema hapa kwamba niliandika vizuri nitakuwa naongopa. "Siku Bibi Alipomnunulia Mkwewe Cherehani." Nilimvika yule mama hereni za dhahabu ambazo hakuwahi kuwa nazo, ili apate za kuuza. Nikamtembeza kwenye mvua akiwa ameibeba cherehani kichwani, kizee cha watu. Nikamfanya aifute kwa nguo yake mwenyewe, na pale alipokosa kufuta pakaota kutu, ndiyo kumbukumbu ya mapenzi yake. Kutu pia nimempa. Sikumwachia Mama kitu.

Nilituma saa nane. Sitamsomea hii. Atasikia nyingine.

Jumatano, 10 Aprili

Mhariri hakungoja Ijumaa, aliitoa jana ile ile, na hakuna makala yangu yoyote iliyowahi kusomwa hivi. Mhariri amenipigia simu yenyewe, siyo ujumbe, akicheka peke yake. Nimenunua dawa. Nimenunua na nyama.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilikwenda dukani kuongeza bando, nikakutwa na mvua, nikakaa kibarazani kwa watu kama dakika arobaini. Niliporudi nilimkuta mteja wa zipu, yule karani wa shule anayenenepa na kukonda, amekaa kwenye kiti changu simu mkononi, machozi yanamtiririka.

"Shoga yangu," akaniambia, "kumbe cherehani ya Bibi ndiyo hii yenyewe! Nimemsomea mama hadi mwisho. Tumelia!"

Mama alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ile kutu. Kilienea barabara.

"Hukuniambia," akasema.

"Nini, Mama?"

"Kwamba aliuza hereni zake." Akaipapasa kutu. "Na mimi nimemsema vibaya miaka yote hii. Mbele yako. Mbele ya baba yako."

Karani akamkumbatia. Nilipaswa kusema pale pale. Nilimwambia karani zipu itakuwa tayari Jumatano.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimejaribu. "Mama, ile cherehani ulinunua mwenyewe. Ulifua nguo za watu." Akanitazama kwa huruma. "Nilifua, ndiyo. Lakini pesa ya kufua inanunua cherehani kweli, mwanangu?"

Jumatatu, 22 Aprili

Mama mdogo amekuja, mdogo wake Mama, mwenye genge la mboga stendi na ulimi ambao haujawahi kupumzika. Alikuja na mwavuli na kikapu, akamkuta Mama anaimba. Mama hana kawaida ya kuimba. Akamuuliza furaha ya nini, Mama akamweleza: hereni, mvua, yote, na kwamba anataka kwenda kaburini kwa Mama kuomba radhi.

"Kwa Mama yupi?" Mama mdogo akauliza.

"Mama mkwe wangu."

Mama mdogo akaweka kikapu chini polepole, akanigeukia. Alinivuta jikoni, kati ya ndoo na ukuta.

"Nani kamlisha haya?"

Nikamwambia. Sikuficha kitu, hata dakika tatu za kufuta nilimtajia.

"Mimi ndiye niliyekuja kumchukua pale," akasema. Hakupandisha sauti, na kwa mtu kama yeye hilo ni baya kuliko kelele. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilimkuta uani amelala juu ya cherehani, wewe chini ya tumbo lake, ili msilowe nyote wawili, wewe na hiyo cherehani. Yule mama alikuwa dirishani anamenya chungwa. Anatuangalia, anamenya. Sasa we mtoto uliyesomeshwa na hiyo cherehani umeandika nini?"

"Nilihitaji dawa zake, mama mdogo."

"Zimemsaidia?"

Aliacha mboga, akaondoka bila kuaga, kisha akarudi kuchukua mwavuli, na mara hiyo pia hakuaga.

Jumanne, 23 Aprili

Nimewapa wasomaji Bibi na chungwa. Hapana. Niliandika, nikafuta. Nilichotuma ni mambo tisa ya kufanya siku ya mvua.

Jumapili, 28 Aprili

Mama ametoa kitambaa cha bluu kilichokuwa chini ya sanduku lake, kile kizuri, ambacho hakutaka hata nikiguse. Amekikata bila kupima. Mikono yake haijasahau: pindo sawasawa, kona kali, uzi haujakatika hata mara moja. Nikamuuliza anashona nini. Foronya. Anataka kumpelekea Mama.

Amesahau kula. Amesahau kwamba baba alikufa. Foronya imekamilika.

Jumapili, 5 Mei

Tumekwenda.

Nilikuwa nimeahirisha mara mbili kwa kisingizio cha mvua. Leo aliamka kabla yangu, akaoga, akavaa gauni lake la harusi za watu, akakaa mlangoni na foronya ndani ya mfuko wa nailoni. "Mvua siyo moto," akasema. Nikaita teksi.

Njia nzima alikuwa mchangamfu, akimweleza dereva. "Nakwenda kwa mama mkwe wangu. Alininunulia cherehani." Dereva akasema siku hizi wakwe wa namna hiyo hawapo. "Hawapo kabisa," Mama akasema. Nilikuwa nimekaa nyuma, natazama kisogo chake na utepe wa mkasi. Aliuvaa hata leo.

Makaburini palikuwa tope tupu. Mlinzi alitupa plastiki ya kujifunika. Kaburi la yule mama lina majani hadi gotini, hakuna anayekuja, na kibao chake kimeinama. Mama aliuliza mara tatu kama ndilo. Mara ya tatu nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema hapana, Mama, siyo lenyewe, tumepotea, twende nyumbani. Nikasema, "Ndilo."

Akapiga magoti. Nilimshika mkono nimzuie, akautoa mkono wangu kwa upole, kama mtu anayemwondoa mtoto mapajani.

"Mama," akasema, "ni mimi, mkweo. Nimechelewa. Usinihesabie. Nilikuwa na kinyongo, wala sikumbuki cha nini. Nilikuwa nasema mbele ya watoto mambo yasiyofaa. Nisamehe, Mama. Nimesikia juzi tu habari ya hereni zako. Cherehani ipo, imesomesha mtoto, mwenyewe huyu hapa, ni mwandishi." Akanigeukia. "Msalimie bibi yako."

Nikamsalimia.

Alitandaza foronya juu ya majani, akailainisha kwa viganja, pembe hii na pembe ile, kama anavyofanya na nguo kabla ya kumkabidhi mteja. Mvua ikaanza kuilowesha. Bluu ikawa nyeusi. Hakutaka tuondoke mpaka ilowe yote, sijui kwa nini. Plastiki ilimteleza begani, nikamfunika; ikateleza tena.

Nyumbani nilimvua gauni nikalifua. Mahali pa magoti pamebaki na alama mbili za tope. Nimezisugua kwa sabuni mara nne.

Amelala mapema. Amelala kwa amani, naandika hivyo kwa kuwa muuguzi alitaka ukweli.

Jumatatu, 6 Mei

Sijaandika kitu. Sijala pia.

Jumapili, 12 Mei

Nimeandika yote. Kufua kwa miaka miwili, uani, siku tatu, chungwa. Nimeandika kwamba Bibi hakuwahi kusema lolote, kwamba kila neno lililowahi kumtuliza mtu lilitoka kwa mshonaji mmoja ambaye sasa hajui kama leo ni asubuhi au jioni. Sikuweka namba. Kichwa: "Maneno Yote Yalikuwa ya Mama."

Mhariri alinipigia simu alipoisoma.

"Dada yangu, hii inatuua."

"Ni kweli."

"Sijakataa. Nasema inatuua."

Nikamwambia asipoitoa sitaandika nyingine. Akakubali, ila kwa sharti la kawaida: vichwa viwili. Cha kwake kilikuwa "Nilichokigundua Kuhusu Bibi Kimenivunja Moyo." Sikuwa na nguvu za kubishana.

Jumatatu, 13 Mei

Kichwa chake kimeshinda. Wamekuja kwa maelfu, na hawakuja kwa ajili ya Mama. "Usimchafulie marehemu jina." "Mkwe mwenye chuki utamjua tu." "Huyo mama yako ndiye aliyekulisha sumu hii, bibi hawezi kujitetea." Yule mwanamke wa mkasi wa mumewe naye yupo, ameandika kwamba hamwamini mama yangu hata kidogo.

Kwa hiyo sasa wanamtukana. Watu wasiomjua wanamtukana Mama kwa maneno mengine na kupona kwa maneno yake.

Saa tisa mchana Mhariri aliifuta makala. Saa kumi aliniandikia kwamba tupumzike kwanza, mimi na yeye. Najua kupumzika huko. Unga umemwagika.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua. Ameita mara mbili, "Mama!" Nilipoenda alisema hakuwa ananiita mimi. Nimejifunza kubadilisha zipu. Ya kwanza nimeiweka kichwa chini.

Jumatano, 22 Mei

Mama mdogo amerudi na mboga. Hakunisemesha, lakini alifumua zipu niliyoharibu, akanionyesha wapi pa kuanzia.

Jumatatu, 27 Mei

Leo mvua ilikatika mapema, jua likaingia mpaka kwenye meza. Nilitoka chumbani nikamkuta Mama amekaa kwenye cherehani, amevaa mwenyewe, vifungo sawa, kitambaa cha mafuta mkononi. Anasugua bamba.

"Leo siyo Jumamosi, Mama."

"Najua. Nimekosa Jumamosi nyingi." Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, kavu, yenye shughuli. Akasugua, akainamisha kichwa kutazama dhidi ya mwanga. "Haitoki hii. Mvua ya yule mama haitoki."

Nilishika mlango. Yule mama. Tangu Machi sijalisikia jina hilo.

"Niletee kitambaa cha bluu kilicho chini ya sanduku," akasema. "Nilikiweka nikushonee gauni, siku ukipata kazi ya kueleweka. Nikushonee tu, tutangoja mpaka lini?"

"Hakipo, Mama. Ulikishona foronya."

"Foronya ya nani?"

Mkono wake ukaendelea kusugua kidogo, ukapungua, ukasimama. Nilikuwa naitazama sura yake, na niliona kumbukumbu inavyomrudia kipande kwa kipande, wala sikuwa na namna ya kuizuia.

"Tulikwenda kule," akasema.

"Ndiyo."

"Nilipiga magoti."

"Ndiyo, Mama."

"Nikamwomba radhi." Akatazama magoti yake. "Nani alinipeleka?"

"Mimi."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kuelewa kipimo kilikosewa wapi: "Sasa mwanangu, kwa nini ulinipeleka?"

Mimi ninayepata sababu tisa za jambo lolote kabla chai haijapoa, sikupata hata moja. Nilikaa sakafuni nikalia. Sikuwa na haya, nililia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hakuniuliza tena. Nilisikia kiti kinasogea. Akauchukua mkebe wa vifungo mezani, akauweka mikononi mwangu, akanikunja vidole mpaka nikaushika vizuri. Kisha akarudi kwenye bamba lake.

Saa sita aliniuliza kama Bibi ameshakula.

Jumamosi, 1 Juni

Nimesugua kutu mimi. Mama ametazama barabarani.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya tano bila mvua. Nimeondoa ndoo jikoni na beseni. Sasa nakaa upande wa Mama wa meza, na yeye amehamia kiti changu, amelala hapo mchana kama paka. Kompyuta ipo juu ya kabati. Nina suruali nne za kupunguza na sketi moja ya karani, ambaye amenenepa tena.

Mama wa zamani hajarudi tena tangu siku ile ya kusugua bamba. Namsubiri kila asubuhi nikiwa na jibu tayari, na kila asubuhi naona kwamba siyo jibu.

Saa kumi akaamka, akavuta kiti kama kawaida yake. "Haya, Bibi kasemaje leo?"

Nikachukua daftari hili. Nikalifungua mwanzoni, tarehe sita Machi, nikamsomea. Usishike mkasi ukiwa umekasirika. Mtoto hakuombi ruhusa ya kukua. Mtu akilia mbele yako usimuulize kwa nini.

"Hayo siyo ya Bibi," nikamwambia. "Ni ya fundi mmoja wa sare za shule. Alifua nguo za watu miaka miwili, akanunua cherehani kwa pesa yake."

"Peke yake?"

"Peke yake. Akiwa na mtoto mgongoni."

Mama akafikiri. "Mwanamke wa shoka huyo. Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akilirudia taratibu kwa midomo, na niliitazama sura yake kama nilivyoitazama siku ile.

"Jina zuri," akasema. "Mwambie aje siku moja tushone wote."